Ukaguzi wa Meno

Nilikuwa na meno mazuri na nilijua. Kwetu Tanga watu waliniambia hivyo tangu nikiwa mdogo, nami sikuwa mtu wa kukataa sifa. Nilicheka kwa mdomo wazi, nilihutubia kwa mdomo wazi, na pale chuo cha ualimu nilishinda mashindano ya kusema mbele za watu miaka miwili mfululizo. Nayataja haya mapema ili msomaji ajue ni mtu wa namna gani aliyepelekwa Kenya kufundisha uongozi kwa wasichana wa watu. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na kichwa kimevimba.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini, kabla mpaka wa Kenya na Tanzania haujafungwa. Umoja wa akina mama wa kanisa letu ulikuwa na urafiki na akina mama wa kanisa moja la upande wa Nakuru. Wakakubaliana kwamba sisi tutatoa mwalimu mmoja wa kujitolea, akae mwaka mzima katika shule yao ya wasichana, na kazi yake isiwe hesabu wala jiografia bali kuwafanya wasichana wale wawe viongozi. Sidhani kama kuna aliyejua hasa maana ya jambo hilo. Walichojua ni kwamba anatakiwa mtu asiye na mume, asiye na mtoto, na asiyedai mshahara. Niliinua mkono kabla mwenyekiti hajamaliza kusoma tangazo.

Shule ilikuwa nje kidogo ya Gilgil, katika shamba lililokuwa la mzungu aliyeondoka baada ya uhuru. Nyumba yake ya mawe ndiyo iliyokuwa ofisi na madarasa mawili. Banda lake la kukatia kondoo manyoya ndilo lililokuwa bweni, na hata baada ya kupakwa chokaa mara tatu bado lilinuka kondoo mvua ikinyesha. Kuzunguka pande zote ni vichaka vya leleshwa na vumbi jeupe. Kulikuwa na baridi ambayo mimi mtoto wa pwani sikuwa nimeiota, na upepo uliokuja mchana na kupiga mabati mpaka mwalimu akalazimika kunyamaza. Maji yalitoka kisima kirefu kilichochimbwa na yule mzungu, yakavutwa na pangaboi kubwa la chuma lililozungushwa na upepo hadi kwenye tangi. Yalikuwa na ladha ya magadi kwa mbali. Nilipika chai nikainywa, nikaona haina neno.

Wasichana walikuwa mia na kidogo. Siku ya kwanza nilisimama mstarini nikawaamkia kwa Kiswahili cha kwetu, kirefu, chenye mapambo yote, nao wakatazamana. Msichana mmoja wa mbele akajibu kwa niaba ya wenzake, "Mzuri, mwalimu." Nikacheka peke yangu. Wao walicheka pia, lakini kila mmoja aliweka kiganja mdomoni.

Kiganja kile ndicho kilichonikera tangu saa ile. Kila msichana akisema, mkono unapanda. Akicheka, mkono unapanda. Akiulizwa swali darasani, anasimama, anainamisha kichwa, halafu jibu linatoka nyuma ya vidole. Nilikuwa nimesoma vijitabu viwili vitatu juu ya mwanamke wa Kiafrika na jinsi alivyofundishwa kujificha, na hapa nikaona nimekutana na ugonjwa wenyewe ana kwa ana. Wiki ya kwanza haikuisha kabla sijamwandikia mwenyekiti wetu barua ndefu juu ya mikono ile.

Nikaanzisha Baraza la Ijumaa. Alasiri, baada ya usafi, shule nzima ilikusanyika katika bwalo, na wasichana wawili walipanda juu ya meza mmoja baada ya mwingine, kila mtu aseme dakika tano juu ya jambo analotaka libadilike shuleni. Sharti lilikuwa moja tu: mikono nyuma. Aliyeusogeza mkono karibu na uso alianza upya. Wengine walianza upya mara nne, mara tano, mpaka machozi yakawatoka, nami nilisimama pembeni nikijikaza nisiwahurumie, kwa sababu niliamini hivyo ndivyo mtu anavyotengenezwa. Wasichana ambao bwenini walisikika wakibishana kama mawakili, juu ya meza walisema kwa midomo iliyofungwa nusu, kama wanaonong'ona na tundu la ufunguo.

Bila mikono ndipo nilipoyaona meno.

Yalikuwa ya kahawia. Si ya wote, lakini ya wengi. Wengine walikuwa na madoa tu kama matone ya chai ya rangi, ya wengine yalikuwa yamekolea kabisa na yana vijishimo vidogo. Mtu mwenye akili angejiuliza maswali. Angegundua kwamba wasichana wachache waliotoka mlimani upande wa Nyandarua walikuwa na meno meupe, ingawa walilala bweni lile lile na kutumia dawa ile ile ya meno, na kwamba waliokuwa na kahawia wote walizaliwa na kukulia bondeni, Gilgil, Naivasha, Njoro, Nakuru. Nililigundua hilo. Nikahitimisha kwamba watu wa mlimani wanalea watoto wao vizuri zaidi.

Basi nikaongeza somo la usafi wa kinywa, na juu ya somo nikaongeza ukaguzi. Kila asubuhi mstarini, kabla ya kuingia darasani, nilipita mbele ya kila msichana naye alifungua mdomo. Niliyemwona meno yake hayajatakata nilimrudisha bombani akapige mswaki tena. Asubuhi moja, upepo ukivuma na baridi ikinitoa kamasi, nilisimama mbele yao nikasema kwa sauti yangu ile ya mashindano: "Kiongozi mwenye meno machafu, nani atamsikiliza?"

Waliinamisha vichwa. Nilidhani nimewapa jambo la kufikiri.

Kulikuwa na msichana mmoja wa kidato cha nne aliyeniteka moyo. Mama yake alikuwa kibarua wa kukama ng'ombe katika shamba moja la Ndabibi, nyuma ya ziwa la Naivasha, na huyu ndiye mtoto wake pekee aliyevuka darasa la saba. Ndiye aliyetunza sanduku la huduma ya kwanza la shule. Msichana akikatwa na jembe au akiungua jikoni hakuja kwetu walimu, alikwenda kwake. Nilimkuta siku moja akimfunga bendeji mtoto wa kidato cha kwanza, huku akimweleza damu inavyoganda, polepole, kwa maneno mepesi, na yule mtoto ameacha kulia anamsikiliza. Mpishi wetu, mama mmoja mtu mzima wa pale pale Gilgil, aliniambia, "Huyo akianza kuongea hapa jikoni, mimi nasahau ugali kwa moto."

Alitaka kuwa muuguzi. Hakutaka kitu kingine. Muhula wa pili ikaja barua kutoka hospitali moja ya Nakuru: ameitwa kwenye intavyuu ya mafunzo ya uuguzi mwishoni mwa muhula ule. Nafasi zilikuwa chache na wasichana walioitwa walikuwa wengi. Asipoipata, alinieleza mwenyewe bila kulia, Januari atakuwa Ndabibi pamoja na mama yake, na ndoo.

Nikasema moyoni, huyu ndiye. Huyu ndiye nitakayemwandikia mwenyekiti habari zake. Nikamchukua kila jioni baada ya masomo, tukasimama kwenye veranda ya yule mzungu, mimi nikawa daktari na yeye msailiwa. Alijua kila jibu. Alijua hata maswali ambayo mimi nisingeyajua. Lakini akifika katikati ya sentensi mkono unapanda, nami namshika kifundo naushusha, na ukishuka sauti nayo inashuka.

Siku moja uvumilivu ukaniisha. Nikamwuliza, "Wewe unaficha nini?"

"Hakuna, mwalimu."

"Mbona kinywa chako hukisafishi?"

Nakumbuka alitazama kule kwenye tangi la maji, halafu akanitazama mimi, na midomo yake ikasogea kidogo kama mtu anayetaka kuanza. Nilingoja kwa muda mfupi sana. Halafu nikasema, "Watakuangalia kabla hawajakusikiliza. Ukitaka kazi ya kutibu watu, anza na hayo."

"Ndiyo, mwalimu," akasema.

Sikujua, kwa sababu sikuwa nikiingia bwenini, kwamba wasichana wangu walikuwa wameanza kazi. Wengine walikwenda mpaka Kariandusi siku za Jumamosi kuleta ule udongo mweupe mwepesi unaochimbwa kule, wakausugua menoni kwa kitambaa. Wengine walitumia mawe yale ya matundu yanayoelea majini, ambayo bonde zima limejaa. Walisugua mpaka fizi zikatoka damu. Niliona mate mekundu penye bomba asubuhi, nikafurahi kwamba angalau sasa wanapiga mswaki kwa bidii.

Yule wa kidato cha nne alifika mbali zaidi. Katika ghala la nyuma kulikuwa na trekta bovu la yule mzungu, na betri yake ilikuwa bado ina maji. Kuna aliyemwambia kwamba maji ya betri hung'arisha. Alichota kidogo akatia katika kichupa cha wino, na kila siku, kwa njiti ya kiberiti iliyofungwa pamba, alipaka jino moja moja. Haya nilikuja kuyajua baadaye. Nilichojua wakati ule ni kwamba wiki mbili kabla ya intavyuu alifungua mdomo mstarini na meno yake ya mbele yalikuwa yamegeuka rangi. Hayakuwa meupe kama yangu, yalikuwa na weupe wa chaki, lakini yalikuwa meupe.

Nikamtoa mbele. Nikamshika bega, nikamgeuza awatazame wenzake, nikasema, "Mnaona? Mmeona bidii inavyolipa?" Nikawaamuru wampigie makofi.

Makofi yalipigwa. Yeye alisimama mikono nyuma, mgongo umenyooka, akatabasamu na kuonyesha meno yote kama nilivyomwomba. Nimekuwa mwalimu miaka mingi tangu hapo, na nimeona watoto wakiumia kwa njia nyingi, ila sijamsamehe yule msichana wa miaka ishirini na mitatu aliyekuwa akipiga makofi kuliko wote.

Siku ya intavyuu tulikwenda Nakuru na lori la maziwa la ushirika, mimi na yeye tumeketi mbele na dereva. Alikuwa amejifunga kitambaa mdomoni kwa sababu ya vumbi, hivyo alisema. Kwa kweli hakutamka, alinionyesha vumbi kwa kidole, nami nikaelewa. Njia nzima hakunena neno. Nikafurahi kwamba ametulia. Nikamwambia mimi mwenyewe kabla ya kuhutubia huwa sipendi kuongea. Nikaongea hadi Nakuru.

Tulikuta wasichana wengine kwenye benchi, na baadaye mlango ukafunguliwa akaitwa. Nilijitambulisha kuwa ni mwalimu wake kutoka ng'ambo, nikaomba niketi nyuma ndani ya chumba, wakakubali. Nilitaka kusikia. Walikuwa watatu nyuma ya meza, wanaume wawili na katikati yao sista mkuu, mama mnene mwenye miwani, aliyekuwa anaandika bila kuinua macho.

Msichana akasimama mbele ya meza. Akavua kitambaa, akakikunja akakitia mfukoni. Mikono nyuma.

"Good morning. Your name?" sista akauliza, bado anaandika.

Akafungua mdomo. Kilichotoka hakikuwa neno. Ilikuwa sauti ya chini, kama ya mtu anayesema amelala, halafu ikakatika. Akajaribu tena. Midomo yake ilikuwa imevimba na ndani yake mlikuwa mweupe na mwekundu kwa pamoja, na mate yalimtoka pembeni yakashuka kidevuni hadi kwenye kola ya blauzi niliyompigia pasi mimi mwenyewe. Hakuinua mkono kuyafuta.

Nami nikasema, kutoka kiti changu cha nyuma, Mungu anisamehe: "Ana woga kidogo, sista."

Sista akainua macho. Akaondoka nyuma ya meza, akamfikia, akamshika kidevu akakigeuzia dirishani. Akanusa.

"Woga inachoma ulimi?" akaniuliza bila kunitazama. Halafu kwa sauti nyingine kabisa akamwambia msichana, "Umekunywa nini, mama? Nionyeshe."

Alitoa kichupa cha wino mfukoni. Alikuwa amekitumia asubuhi ile, kabla ya lori kufika. Njiti ya kiberiti ilikuwa inafika meno ya mbele tu, na yeye alitaka yote yawe sawa. Basi akayasukutua yale maji ya betri.

Sista alikifungua, akakinusa, akakifunga. Mmoja wa wale wanaume alikuwa tayari ametoka kutafuta maji na mtu wa wodi. Sista akauliza, "Nani alikuambia hii meno ni mbaya?"

Msichana alitazama sakafu. Hakunitazama. Angenitazama kidogo tu, mambo yangekuwa wazi, lakini hakunitazama.

Sista aliona mwenyewe. Akanigeukia, akatabasamu. Halikuwa tabasamu la furaha, alilifanya makusudi, akavuta midomo juu na chini nione yote. Meno yake yalikuwa ya kahawia toka la kwanza mpaka la mwisho, yana vijishimo.

"Mimi ni wa Njoro," akasema. "Nimezaliwa hapa, nimekunywa hii maji ya hapa. Ni maji, mwalimu. Mtoto akikunywa akiwa mdogo, meno inamea hivyo. Haitoki na mswaki, haitoki na kitu yoyote. Miaka kumi na tano nazalisha wamama katika hii hospitali, na hakuna hata mmoja aliniuliza kama nimesukutua."

Nilitaka kusema kitu. Mimi, mshindi wa miaka miwili mfululizo.

"Barua ya shule yake nimesoma," akaendelea. "Alama zake nimeona. Nilikuwa nimeshaweka tiki." Akaenda mezani akanionyesha karatasi, na kweli ilikuwa na tiki ya wino wa buluu mbele ya jina lake. Halafu wakaja watu wa wodi wakamchukua msichana, na sista akafuatana nao, nami nikabaki chumbani na yule mwanamume mmoja, aliyeniomba kwa adabu nitoke ili wamwite anayefuata.

Nilirudi Gilgil peke yangu. Nilimweleza mwalimu mkuu. Alikuwa mama wa Nyeri, mchapakazi, ambaye wiki yote alikuwa barabarani akitafuta michango ya bweni jipya. Akashika kichwa. "Lakini mimi nilidhani unajua," akasema. "Nilisikia unakagua meno, nikafikiri ni usafi tu wa kawaida. Hii mambo ya maji, hapa kila mtu anajua." Nikaenda jikoni kwa mpishi, nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akaendelea kukoroga. Alisema, "Hukuuliza, mwalimu. Na wewe ni mtu wa kusoma." Alisema hivyo akinitazama usoni, na kwa mara ya kwanza nikayaona meno ya kwake, ambayo alikuwa nayo siku zote nikipokea chakula mikononi mwake.

Wasichana mia na kidogo walijua. Hilo ndilo lililonikalia kooni, na bado limekaa. Nilikwenda kuwafundisha kusema, nikawapandisha juu ya meza kila Ijumaa waseme wanalotaka libadilike, na hakuna hata mmoja aliyeweza kuniambia kwamba nimekosea. Sikuwapa mahali pa kuliweka neno hilo.

Asubuhi iliyofuata nilisimama mstarini nikasema ukaguzi umekwisha. Msichana mdogo wa kidato cha kwanza, yule yule aliyefungwa bendeji, akainua mkono. "Kwa nini, mwalimu?" Ndilo swali nililokuwa nimelingojea kutoka kwao miezi yote. Nikamwambia waingie darasani.

Yule wa kidato cha nne alikaa wodini wiki kadhaa. Nilikwenda kila Jumamosi, nikaketi kando ya kitanda nikimsomea magazeti. Mama yake alifika kutoka Ndabibi amebeba chupa ya maziwa ambayo mwanawe hakuweza kuinywa. Alikuwa mwanamke mwembamba, mikono migumu. Alinishika mikono yote miwili.

"Amesema alichukua dawa ya chupa ingine kwa makosa," akaniambia. "Ameniandikia kwa kitabu, jirani akanisomea. Mungu akubariki, mwalimu. Bila wewe kumleta hapa angekufa huko shule."

Nilimtazama msichana kitandani. Alikuwa amefumba macho. Mtu angesema amelala, lakini kope zilikuwa zinacheza.

"Amina, mama," nikasema.

Meno sita ya mbele yaling'olewa kwa sababu yalikuwa yanamomonyoka. Ulimi ulipona, lakini ulipona vibaya, ukashikamana na upande mmoja. Sista mkuu aliipigania nafasi yake hadi intavyuu zilizofuata, na wakubwa wake wakamwambia jambo ambalo hata yeye hakuweza kulijibu, kwamba muuguzi ni lazima mgonjwa amwelewe. Akafanya alichoweza. Alimtafutia kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali ile ile. Mikono yake ilikuwa mizuri bado, sista aliniambia, na kule hakuna haja ya maneno mengi.

Mwaka wangu ukaisha. Mwalimu mkuu aliniandikia barua nzuri ya kwenda nayo nyumbani, kwamba nimewajenga wasichana wa shule yake katika ujasiri na uongozi, na kwamba jamii nzima inanishukuru. Sijui kama alikuwa na huruma au alikuwa na haraka. Barua ile niliipokea, na nyumbani niliitumia. Nilipewa shule yangu mwenyewe kwa sababu ya barua hiyo.

Siku ya kuondoka nilipitia Nakuru kumuaga yule msichana. Chumba cha kufulia kilikuwa nyuma ya majengo, na nje yake kamba zilikuwa zimejaa mashuka. Alikuwa akikamua shuka pamoja na mwanamke mwenziwe, mmoja huku mmoja kule, wakilisokota. Aliponiona aliliachia shuka akafuta mikono kwenye aproni, akaja. Alikuwa amenenepa kidogo. Nilimwambia nakwenda, nikamwambia nimefurahi kumwona ana kazi, nikamwambia mengi, haraka haraka.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema kitu. Ilikuwa sentensi ndefu, na nilijua ni swali kwa jinsi ilivyopanda mwishoni. Sikuelewa hata neno moja.

"Unasemaje?" nikauliza.

Akarudia, polepole zaidi. Jasho jembamba lilimtoka juu ya mdomo kwa jitihada. Nikamwomba arudie tena. Akarudia. Mwenziwe alikuwa amesimama pale na ncha ya shuka mkononi, akitutazama, na ilikuwa dhahiri kwamba yeye anaelewa kila kitu, na mimi ningeweza kumwuliza. Niliona aibu. Niliona pia kwamba msichana amechoka, na gari langu lilikuwa linaondoka saa nne. Basi nikatabasamu, nikamshika mkono, nikasema, "Ndiyo. Ndiyo, bila shaka."

Akanitazama. Akauchukua mkono wake taratibu, akainama akachukua beseni lake, akaingia ndani.

"Ai," yule mwenziwe akasema. "Kumbe wewe ulijua?"

"Nilijua nini?"

"Si amekuuliza kama wakati ule ulijua ni maji."

Nilisema hapana, sikujua, mwambie sikujua, na nikapiga hatua kuelekea mlangoni, lakini ndani mashine ilikuwa imewashwa na kelele zilikuwa nyingi. Yule mwanamke akaniambia nisijali, akimaliza kukamua atamwambia. Sijui kama alimwambia.